Wati nyingi, kelele nyingi: mnunuzi wa Bunia asidanganyike

Wakati wa kiangazi vumbi jekundu la Bunia huingia kila mahali: ofisini, hotelini, kanisani, nyumbani. Ufagio hulihamisha tu kutoka pembe moja hadi nyingine. Ndiyo maana wakaaji wengine hutafuta aspirateri, hata zile za zamani, zenye magurudumu na mpira mrefu, zilizokwisha tumika Ulaya. Mnunuzi anasoma namba ya wati, muuzaji anaiwasha, mashine inanguruma, na bei inakubaliwa. Hapo ndipo hasara huanza.

Wati zinaonyesha umeme ambao mashine inakula. Hazionyeshi vumbi ambalo inanyonya. Umoja wa Ulaya wenyewe ulikata mjadala huo: tangu Septemba 2014 ulikataza kuingiza sokoni aspirateri mpya za nyumbani zenye wati 1 600 na zaidi. Septemba 2017 ukashusha mpaka huo hadi wati 900, ukataka kelele isipite desibeli 80, na mota idumu angalau saa 500. Viwanda havikufungwa. Vilitengeneza feni na njia za hewa zilizo bora zaidi.

Kwa Bunia jambo hili lina uzito, kwa sababu wengi wanategemea jenereta ndogo. Aspirateri ya wati 2 000 haiwezi kubebwa na jenereta ya wati 1 000. Na hata jenereta ikiwa kubwa, saa moja ya mashine hiyo inakula umeme zaidi ya mara mbili ya ile ya wati 900, na mafuta yanalipwa na mwenye nyumba.

Kelele nayo inadanganya. Mfuko ukijaa au mpira ukiziba, hewa haipiti. Feni inakosa mzigo, mota inazunguka mbio zaidi na sauti inapanda. Mtu anadhani nguvu imeongezeka, kumbe mashine hainyonyi tena. Mbaya zaidi, katika nyingi kati ya mashine hizo, hewa ile ile ndiyo inayopoza mota. Ikikosekana, mota inaungua.

Hata hivyo, si haki kudharau kila mashine ya zamani. Nyingi zinafunguliwa kwa turnevisi. Makaa ya mota, vile vipande vidogo vinavyopitisha umeme kwenye sehemu inayozunguka, huisha kama soli ya kiatu, lakini fundi anaweza kuyabadilisha. Mashine inayotengenezeka ina thamani kuliko mpya isiyofunguka.

Swali la kweli ni saa ngapi zimebaki. Mota ya saa 500, ikitumika saa moja kwa juma, inapita miaka tisa. Hotelini, kwa saa tatu kila siku, inamalizika kabla ya miezi sita. Na mnunuzi wa okazyoni hajui ngapi zimekwisha liwa.

Kwa hiyo muuzaji mwaminifu akubali mashine ijaribiwe kwa dakika kumi, mfuko ukiwa mtupu, mbele ya fundi, mpaka ionekane kama inatoa cheche nyingi au harufu ya kuungua. Mnunuzi ahakikishe imeandikwa volti 220, si 110. Nayo Ofisi ya Udhibiti ya Kongo, OCC, iangalie vifaa hivi mpakani kwa ukali ule ule inaotumia kwa vyakula. Mkaaji wa Bunia anayetoa dola zake kwa shida hastahili kuuziwa ngurumo.