Nairobi ilizaliwa na reli, mbona inalemewa na magari?

Mwanafunzi mmoja wa kidato cha tatu ameniandikia akitaka msaada. Shuleni mwao kuna mjadala, na mwalimu amempa upande wa kutetea treni kuwa ndiyo njia bora ya usafiri katika ulimwengu huu unaozidi kupata joto. Shida yake ni hii: atatetea vipi chombo ambacho jina lake lenyewe ni "gari la moshi"? Swali hilo limenichekesha, lakini si la kupuuzwa. Nimeona afadhali nilijibu hapa ukumbini ili wazazi nao wasikie, maana wao ndio wanaotoa nauli kila asubuhi.

Jina hilo ni la enzi za injini za mvuke, zilizochemsha maji kwa kuni na makaa na kuacha wingu jeusi nyuma yake. Injini hizo zilistaafu zamani, na moja mbili unaweza kuziona pale makumbusho ya reli jijini Nairobi. Za leo hapa kwetu huchoma dizeli. Kwa hivyo moshi ungalipo, hatuwezi kukana. Hoja ni moshi kiasi gani kwa kila abiria au kila tani ya mzigo.

Siri ya treni imo katika gurudumu. Gurudumu la treni ni chuma, na reli ni chuma, na chuma kigumu kikibingirika juu ya chuma kigumu karibu hakibonyei. Tairi la mpira hubonyea kila linapokanyaga lami, likafutuka, likabonyea tena, na kila mara kawi fulani hupotea ikawa joto. Ukitaka ushahidi, gusa tairi la basi lililotoka Kisumu sasa hivi uone lilivyo moto. Kwa uzani ule ule, tairi la lori hupata ukinzani wa mara tano hadi mara kumi ya ule unaolipata gurudumu la chuma. Isitoshe, mabehewa hufuatana mkia kwa kichwa, hivyo la mbele hukata upepo kwa niaba ya yaliyo nyuma.

Utelezi huo una gharama yake. Treni ni mvivu wa milima. Ndiyo sababu waliojenga reli kutoka Mombasa, walioanza kazi mwaka 1896, walizungusha njia kwenye miinuko kama nyoka, na walipofika ukingo wa Bonde la Ufa ilibidi kwa muda vifaa na mabehewa vishushwe kwa kamba za chuma. Kisumu walifika Desemba 1901.

Kwa ulimwengu mzima, Shirika la Kimataifa la Kawi lilitoa ripoti mwaka 2019 likakadiria kwamba treni hubeba asilimia 8 ya usafiri wa abiria wa vyombo vya moto na asilimia 7 ya mizigo, ilhali hutumia asilimia 2 tu ya kawi yote inayotumiwa na sekta ya uchukuzi. Mwanangu wa kidato cha tatu, andika hesabu hiyo kwenye karatasi yako. Lakini usisimame hapo, kwa sababu mpinzani wako akiwa mjanja atakuuliza juu ya matatu, na hapo ndipo watetezi wengi wa treni huanza kubabaika.

Hebu tufanye hesabu ya jikoni. Chukua safari ya kilomita 20, kutoka pembeni mwa jiji hadi katikati. Gari dogo linalokwenda kilomita 10 kwa lita moja litatumia lita mbili za petroli, na mara nyingi ndani yake yumo mtu mmoja. Hizo ni kama vikombe vinane vya chai, vyote vimenywewa na bwana mmoja na mkoba wake. Sasa chukua matatu ya viti 33 inayokwenda kilomita 5 kwa lita. Itachoma lita nne za dizeli, lakini ukizigawa kwa abiria wote, kila mmoja anapata nusu kikombe tu. Foleni ikiwa ndefu hesabu zote mbili huharibika, ila uwiano haubadiliki sana.

Wanafunzi wa kemia wanajua kwamba lita moja ya petroli, ambayo uzani wake haufiki hata kilo moja, ikichomwa hutoa kilo 2.3 hivi za gesi ya kaboni, kwa kuwa kaboni hujiokotea oksijeni kutoka hewani. Yule bwana wa gari dogo, akienda na kurudi, huacha angani zaidi ya kilo tisa kwa siku.

Kwa hivyo, tuseme ukweli: matatu iliyojaa si adui mkubwa wa hewa, ingawa masikio yetu yana malalamiko mengine dhidi yake. Nayo treni tupu si rafiki wa mtu. Injini yenye uzani wa makumi ya tani ikivuta mabehewa yenye abiria wachache waliotawanyika kama mahindi ya msimu wa kiangazi, faida yote ya gurudumu la chuma imekwisha. Treni huokoa kawi ikijaa, na hujaa ikiwa inapita mahali watu walipo, saa wanayoihitaji.

Ajabu ni kwamba katika jambo hilo Nairobi ilianza vizuri kuliko miji mingi. Jiji hili ni mtoto wa reli. Mafundi walifika hapa Mei 1899 wakakuta kinamasi, wakapiga kambi na kujenga karakana, na mwaka 1905 makao makuu ya serikali ya kikoloni yakahamishwa hapa kutoka Mombasa. Mitaa ya kale ya Eastlands kama Muthurwa na Makongeni ilijengwa kwa ajili ya wafanyakazi wa reli. Hata leo, njia za zamani zinapita katikati ya watu: moja inaelekea Makadara, Dandora, Mwiki, Githurai, Kahawa hadi Ruiru, nyingine Embakasi, nyingine inapita Kibera na Dagoretti ikielekea Kikuyu. Mhandisi akiombwa leo achore ramani ya treni za jiji, hatatofautiana sana na hiyo.

Kilichotushinda ni kasi ya watu. Hesabu ya mwaka 1989 ilikuta wakazi milioni 1.3 jijini Nairobi. Ile ya mwaka 2019 ilikuta milioni 4.4, bila kuhesabu wale wanaolala Kiambu, Kajiado na Machakos na kuingia mjini kila siku. Mitaa kama Utawala na Ongata Rongai haikungoja reli. Iliota palipokuwa na ploti za bei nafuu na njia ya matatu. Matokeo yake mzazi anamwamsha mtoto wa darasa la pili saa kumi na moja kasorobo ili awahi shule, na jioni mtoto anafika nyumbani amelala begani. Huo nao ni uchafuzi, ingawa hakuna chombo cha kuupima.

Mwezi wa Novemba 2012 jambo la kutafakarisha lilitokea. Katika muda wa juma moja hivi, Rais Mwai Kibaki alifungua barabara kuu ya Thika na pia stesheni mpya ya treni ya Syokimau. Barabara ilipata njia nane na sifa tele. Stesheni ilipata jengo zuri na mahali pa kuegesha magari, lakini treni zikabaki chache, za asubuhi na jioni. Miaka kumi baadaye, mwaka 2022, barabara ya juu ya kilomita 27 ilifunguliwa kutoka Mlolongo hadi Westlands, tena karibu na Syokimau hiyo hiyo. Tunajua kujenga barabara, hilo halina ubishi. Lakini barabara ikipanuka huita magari zaidi, na ukienda Githurai saa kumi na mbili jioni utakuta zile njia nane zimeshaanza kulalamika.

Treni kwa upande wake zilipewa dawa kiasi. Mwaka 2020 yaliletwa magari ya moshi ya dizeli yaliyokuwa yametumika katika kisiwa cha Mallorca, Uhispania, na stesheni kadhaa zikakarabatiwa. Wapo waliocheka kwamba ni mitumba. Mimi sikucheka. Mtumba unaotembea ni bora kuliko kitu kipya kilicho kwenye picha ya magazeti. Kinachonikera ni kwingine. Sehemu kubwa ya njia hizo ni reli moja tu, kwa hivyo treni inayokwenda lazima ingoje stesheni ile inayokuja ipite. Ukitaka treni kila dakika kumi badala ya mbili tatu asubuhi, huna budi kutandika reli ya pili na kuondoa makutano ambapo barabara inakata reli.

Mama anayeuza Gikomba hutoka nyumbani kabla ya alfajiri na kurudi saa za adhuhuri akiwa na marobota. Saa hizo ratiba ya treni haimjui. Mwanafunzi wa chuo mwenye masomo ya saa tano hali kadhalika. Ratiba ilitengenezwa kwa karani wa ofisini anayeingia saa mbili na kutoka saa kumi na moja.

Sasa nije kwenye hoja ambayo naiona kubwa kuliko zote. Umeme wa Kenya kwa sehemu kubwa mno, karibu asilimia 90, hutoka kwenye mvuke wa ardhini kule Olkaria, mabwawa ya maji, upepo na jua. Mafuta yetu yote ya petroli na dizeli yanatoka ng'ambo na tunayanunua kwa fedha za kigeni. Hata kiwanda cha kusafisha mafuta cha Changamwe kiliacha kazi hiyo mwaka 2013. Hata hivyo, reli ya kisasa ya Mombasa hadi Nairobi, iliyofunguliwa mwaka 2017, inatumia injini za dizeli. Yaani tumeketi juu ya chungu kinachochemka, tukaenda kukopa kuni kwa jirani!

Majirani zetu walichagua tofauti. Reli ya Ethiopia hadi Djibouti, iliyozinduliwa mwaka 2016, ni ya umeme. Tanzania ilianza kusafirisha abiria kwa treni ya umeme kutoka Dar es Salaam hadi Morogoro mwezi wa Juni 2024, kisha Dodoma mwezi uliofuata. Si kwamba huko mambo ni shwari. Mwaka huo huo treni yao ilipokwama njiani, shirika lao la reli lilieleza kwamba ngedere na bundi walisababisha hitilafu ya umeme, nao Watanzania wakapata utani wa wiki nzima. Pale Addis Ababa, treni za umeme za mjini zilizoanza mwaka 2015 zilipungua mno barabarani baadaye kwa ukosefu wa vipuri. Kununua ni siku moja. Kutunza ni kila siku.

Kuhusu mizigo sitakaa sana. Treni moja ya reli ya kisasa hubeba makasha zaidi ya 100 ya futi ishirini, kazi ambayo ingehitaji malori yasiyopungua 50, na kwa hewa na kwa uhai wa watu katika barabara ya Mombasa hiyo ni faida isiyo na shaka. Lakini mwaka 2019 serikali iliwaamuru wafanyabiashara kutumia treni, watake wasitake, na wenye malori, makanika na wenye hoteli za Mariakani, Voi na Mtito Andei wakalia kwamba wameuawa. Amri hiyo iliondolewa mwaka 2022. Kwa maoni yangu ilikuwa njia mbaya ya kutetea kitu kizuri. Treni ingeachwa ishinde kwa bei na kwa kufikisha mzigo mlangoni.

Hali ya hewa yenyewe nayo haingoji tumalize mjadala. Mvua kubwa za Aprili 2024 zilipofurika mitaani, treni za abiria za Nairobi zilisimamishwa kwa muda kwa sababu ya usalama. Tuta la reli lililojengwa kwa mvua za babu zetu linahitaji mifereji mipana kwa mvua za wajukuu.

Kisha wako watu wa kando ya reli. Githurai, kwa miaka mingi, wachuuzi wamepanga nyanya, viatu na sukuma wiki hatua chache kutoka kwenye mataruma, wakijua saa ya kila treni kuliko msimamizi wa stesheni. Treni mbili asubuhi haziwasumbui. Wanasogeza magunia, inapita, wanarudi. Ikija kila dakika kumi hawatakuwa na mahali pa kusogea. Kule Kibera, baadhi ya waliokuwa ukingoni mwa reli walijengewa nyumba na vibanda papo hapo karibu, ukuta ukasimamishwa katikati, na kazi hiyo ilichukua miaka. Githurai hesabu ya vibanda vingapi vitahitajika na vitawekwa wapi inafaa ianze sasa, kabla ya tingatinga kufika.