Kibakuli Cheupe na Kelele za Nyumbani

Huku Uingereza tupo tu, zamu za usiku zinaendelea na baridi ndiyo hiyo.

Leo nijibu hoja inayonifuata kwenye simu tangu nilipotuma ile picha ya kabati langu. Dada kauliza, yaani mtu na digrii yako ya uuguzi unanunua kibakuli cheupe cha Kijapani kisicho hata na ua? Shangazi akaongeza kuwa hela hiyo ingenunua mabati ya mama. Shangazi, shikamoo. Pesa ya mama hutoka siku mshahara unapoingia, kabla sijalipa hata umeme. Kinachobaki ni changu, na mbeba boksi naye ana haki ya kitu kimoja cha kumtuliza akirudi asubuhi.

Halafu dada, maua yamo. Hayakupakwa, yamechongwa! Mfinyanzi husubiri udongo wa kaure ukauke nusu, akakata kwa kisu alichokilaza, ukingo mmoja wa mstari ukawa na kina na mwingine ukateremka taratibu. Kisha hupaka gilezi, ule utando wa kioo, yenye chuma kidogo sana, na kuchoma kwenye tanuri karibu nyuzi 1,300 huku hewa imebanwa. Gilezi ikiyeyuka inatuama kwenye michongo. Penye kina panakuwa samawati ya barafu, penye wembamba panabaki peupe. Ndiyo maana kwenye picha ya simu huoni kitu. Kiweke karibu na dirisha, ukizungushe, upitishe kidole. Kidole changu kimezoea kutafuta mishipa ya wagonjwa, hakidanganyiki kirahisi.

Wajapani wanaiita seihakuji. Asili yake ni China, Jingdezhen, enzi ya Song. Huko Japani Tsukamoto Kaiji (1912-1990) aliihangaikia sana, na mwaka 1983 serikali ikamtangaza Hazina Hai ya Taifa. Leo wapo kina Yagi Akira na Fukami Sueharu wa Kyoto, lakini bei zao tuwaachie wenye nazo.

Kinachonikera mimi ni mambo ya sanduku. Chombo kinakuja na sanduku la mbao lenye saini ya mfinyanzi, na lisipokuwepo bei inashuka. Watu wanakagua mwandiko kuliko bakuli! Mimi nachukua visivyo na sanduku, vya vijana wasio na jina, ilimradi mchongo uwe mkali na gilezi isiwe imeuzamisha. Maboksi nabeba kazini, yanatosha.

Na msiseme ni uzungu. Nendeni Kunduchi mkaone makaburi ya nguzo. Wazee walipachika mabakuli ya Kichina kwenye kuta, na palipong'olewa mashimo ya mviringo bado yapo. Hao nao walikuwa na paa za kuezeka na ndugu wa kulisha, ila bakuli zuri walilinunua.

Desemba nakuja na kimoja cha mama. Dada, tafadhali usikifungie kabatini pamoja na vyombo vya wageni. Ni cha uji wake wa asubuhi.