Rupia ya Unguja ilianza lini, ikaisha lini?

Yapo maandishi yasemayo kuwa rupia ya Unguja ilidumu toka mwaka 1908 hadi 1935. Mengine yasema 1936. Mtu aweza kudhani kuwa huo ni ubishi wa wakusanyaji wa sarafu. Sisi hatuoni hivyo, kwani zimo majumbani mwetu, Unguja na Pemba, hati za rehani, mirathi na wakfu zilizoandikwa kwa rupia, na anayezisoma hana budi kujua ni rupia ipi.

Mwanzo ndio wenye utata. Mwaka 1908, enzi ya Sayyid Ali bin Hamoud, Serikali iliyokuwa chini ya himaya ya Uingereza ilitoa noti zake za rupia, pamoja na sarafu za senti 1, 10 na 20. Rupia ya fedha haikupigwa kwa jina la Unguja. Iliyokuwamo mikononi mwa watu ni ya Bara Hindi, iliyotangulia kwa miaka mingi, na noti za Unguja zikafanywa sawa nayo. Kwa hiyo hati ya mwaka 1895 itajayo rupia haikukosewa tarehe, wala si ya kughushi. Ofisa atakayeikataa kwa hoja kwamba rupia ilianza 1908 atakuwa amemdhulumu mwenye haki.

Mwaka uliopigwa juu ya fedha nao si shahidi wa kutosha. Riale ya Maria Theresa iliendelea kupigwa kwa mwaka 1780 muda mrefu baada ya malkia huyo kufariki. Riale ya Sayyid Barghash ina mwaka 1299 wa Hijria, ulioanza Novemba 1881 na kuisha Novemba 1882.

Mwisho ni mwepesi zaidi. Tarehe 1 Januari 1936 shilingi ya Afrika Mashariki, iliyokwisha kutumika Kenya, Uganda na Tanganyika tangu miaka ya 1920, ilishika nafasi ya rupia visiwani. Basi 1935 ni mwaka wa mwisho wa rupia, na 1936 ni mwaka wa badiliko lenyewe. Rupia moja ilihesabiwa shilingi moja na senti hamsini. Mwenye shamba aliyeweka mikarafuu yake rehani kwa rupia 400 alijikuta akidaiwa shilingi 600. Deni halikukua, lakini asiyejua hesabu hiyo angeweza kuonewa, tena katika miaka ambayo madeni yalikuwa mazito hata ikatungwa sheria mwaka 1934 kuweka masharti juu ya kuhamisha mashamba.

Tunawaomba maofisa wa nyaraka na makarani wa mahakama wasiridhike na neno "rupia" peke yake. Waandike kama ni fedha ya Hindi au noti ya Unguja, na tarehe ya Hijria waiache ilivyo, ya Miladia ikae kando yake. Na wananchi wenye hati hizo masandukuni wasiandike juu yake hesabu za shilingi; karatasi ya pembeni yatosha.