Mekapu ya Mpanda, harusi ya Kibaoni

Sisi wa Kibaoni tuna mtihani wetu wa mekapu ya harusi. Siku ya harusi yake, mdogo wangu alipambwa Mpanda alfajiri: kope za bandia, wigi refu, fondesheni kama plasta. Kurudi ni kupitia Sitalike, mkatize Hifadhi ya Katavi. Ukifungua dirisha unakaribisha mbung'o. Ukifunga, joto la Oktoba. Tulipofika kanisani kope moja ilikuwa imehamia shavuni (picha ninazo, kanikataza kuzitoa). Kwa harusi yangu mimi nilimwita mpambaji aje alale nyumbani, akanijaribishia mekapu siku mbili kabla, tukaona rangi nyekundu ya midomo hainifai. Nywele nilisuka, nikabana juu na maua. Mama mkwe alinitambua bila kuuliza.