Samaki wa mdomoni na sato wa kiganja

Najua nimewatupa siku nyingi, testi zimetubana mfululizo mpaka mtu unasahau jina lako. Leo sina habari za serikali ya wanafunzi wala za bumu (halijaingia, msiniulize). Nataka kuongelea wavua ndoano wa kule kwenye mawe ya Luchelele, maana mjadala umewaka hosteli tangu wiki iliyopita, na kwa mtazamo wangu pande zote mbili zinapiga nje ya goli.

Kwa wale mlioko Dar, Dodoma na kwingineko: hapa Mwanza ukimaliza vipindi mchana hauna baharini pa kwenda kuogelea, na ziwani kuna kichocho, kwa hiyo tunakaa juu ya mawe. Sasa kukaa bure kunachosha. Mtu ananunua mshipi na ndoano, anakata ufito, anachimba nyambo nyuma ya bweni au anaiba donge la ugali kantini, tayari ni mvuvi. Hatutegemei samaki kama wavuvi wenyewe wa Kirumba Mwaloni wanaolala ziwani usiku. Wengi wetu tukipata furu wawili na gogogo mmoja mwenye miba tunashukuru. Kinachotupeleka kule ni maneno.

Na maneno yapo! Pale juu ya jiwe hakuna mwaka wa kwanza wala wa tatu. Ukirusha ndoano ikanasa kwenye magugu maji, utasikia sauti nyuma yako: "Kaka, umepata mboga, sasa tafuta samaki." Samaki akichomoka karibu na mkono, wewe ni kipa wa Simba au wa Yanga, inategemea nani kafungwa wiki hiyo. Mhaya akivua sato, sato huyo ana shahada. Mchaga ameshauza samaki kabla hajatia chambo. Sisi Wasukuma tunaambiwa turudi kwenye ng'ombe, ng'ombe hawachomoki. Na kila mmoja ana yule aliyemponyoka mwaka jana, ambaye kila muhula anaongezeka kilo tatu. Huyo ndiye tunamwita samaki wa mdomoni, hajawahi kupanda mizani.

Siku hizi simu zenye kamera zimejaribu kuwaumbua waongo, lakini nao wameshasoma mbinu. Unamshika samaki unanyoosha mikono mbele mpaka mabega yanalia, samaki anajaa picha nzima, wewe kwa nyuma unaonekana katoto. Ndiyo maana jamaa mmoja anayesoma Sheria alileta kipimo chake. Mtu akizidisha chumvi anamkumbusha kwamba sangara mkubwa kuliko wote aliyeandikwa kwenye rekodi za dunia za wavuaji wa ndoano alivuliwa Ziwa Nasser, Misri, mwaka 2000, akiwa na kilo 104. "Wa kwako alikuwa na ngapi, mheshimiwa?" Hapo kimya kinatawala kidogo, halafu mtu anasema wa kwake hakupimwa kwa sababu mizani ilivunjika.

Hata furu wa mawe, wale wadogo wenye rangi ambao watoto wa Luchelele wanawavua kwa uzi wa kushonea, nao wana heshima yao. Ukimcheka mtu kwa kupata furu anaweza kukujibu kwamba kuna furu mwenye jina la Mwalimu. Siyo utani huo. Dume lake lina mgongo mwekundu, na wanasayansi waliokuwa wakichunguza samaki wa ghuba yetu hii ya Mwanza walimpa jina la Nyerere mwaka 1985. Kwa kitaalamu leo anaitwa Pundamilia nyererei, pundamilia kabisa, Kiswahili chetu. Wakati huohuo sangara na sato tunaojivunia waliletwa ziwani enzi za mkoloni, kuanzia miaka ya 1950, na sangara akawamaliza furu wengi sana kufikia miaka ya 1980. Kwa hiyo anayejigamba na sangara amevua mgeni, na aliyepata furu amevua mwenyeji. Hoja hii imewahi kumaliza ubishi wa saa nzima.

Sasa nije kwenye lenyewe.

Kuna dogo wa mwaka wa kwanza alianza kuja mawe mwanzoni mwa muhula. Mpole, haongei, anavua kuliko sisi wote kwa sababu amekulia kisiwani na anajua kusoma maji. Siku moja (mimi sikuwepo, nilikuwa na testi) akavua sato saba wadogo, kila mmoja kama kiganja cha mkono. Akawatia kwenye mfuko wa rambo, akaanza kuondoka. Jamaa mmoja akamsimamisha, akatoa rula kwenye begi, akawapanga wale sato juu ya jiwe mmoja mmoja akiwapima kwa sauti kama mnadani. Sentimita kumi na nne! Sentimita kumi na mbili! Watu wakavunjika mbavu. Kuanzia siku hiyo dogo anaitwa Sentimita. Siyo mawe tu. Kantini Sentimita, lekcha Sentimita, mpaka mabinti wasiojua ndoano ni nini wanamwita Sentimita. Dogo haji tena mawe.

Upande wa kwanza hosteli wanasema amestahili. Na wana hoja, msiwabeze. Sheria ya uvuvi inataka sato asiwe chini ya sentimita 25 na sangara asiwe chini ya 50, ili walau apate kuzaa kabla hajafika kikaangoni. Mwaka 2018 ilipopita Operesheni Sangara tuliona nyavu haramu zikichomwa moto, na pamoja na moto wote ule bado ukienda gulioni unakuta vitoto vya samaki vimetandazwa. Lakini pale kwenye mawe yetu hakuna ofisa, hakuna doria, na bado watu wanarudisha wadogo majini. Kwa nini? Kwa sababu wanaogopa kuchekwa. Nakubali kabisa. Kicheko cha washkaji kinatisha kuliko faini.

Upande wa pili wanasema ule ni unyanyasaji, tuache utani kabisa, watu wazima tunachekana nini. Hapa sikubali. Ukiondoa utani pale juu ya mawe inabaki nini? Vijana kumi na wawili wamekaa kimya wanaangalia maji. Hata tungekuwa Kanada, ambako nasikia watu wanatoboa barafu na kukaa na ndoano kwenye baridi ile, nina hakika wanaochekana ndio wanaorudi kesho yake.

Tatizo langu liko kwingine. Dogo alikuwa hana hela. Bumu halikuwa limeingia, na kila aliyekuwepo pale alijua, kwa sababu sote tulikuwa tunakula kwa kuchangishana. Wale sato saba hakuwavua kwa sifa, ule ulikuwa msosi wake wa usiku, pengine na wa kesho yake. Na aliyeshika rula siku hiyo alikuwa na sangara wa kilo nne hivi kwenye kamba yake! Alicheka kuliko wote, kisha akaenda kumuuza sangara wake barabarani.

Ndugu zangu, huo siyo utani. Waulizeni wazee. Utani wa makabila yetu tangu zamani una deni ndani yake. Mtani anakutukana, anakunyang'anya kofia, anakuja msibani kwako na kuigiza marehemu alivyokuwa mchoyo, watu wanacheka huku wanalia. Lakini mtani huyohuyo ndiye anayechimba kaburi na kuteka maji na kukupikia wewe uliyefiwa usiyeweza kusimama. Amepata ruhusa ya kukucheka kwa sababu anakubeba. Huwezi kuchukua kicheko ukaacha jembe. Yule bwana wa rula alichukua kicheko peke yake.

Angefanya hivi: apime sato, aite sentimita zake, watu wacheke, wale walio hai warudi majini, halafu akate kipande cha sangara wake na kumpa dogo. "Shika, mvuvi wa chekechea, kesho uniletee mkubwa." Hapo hata jina la Sentimita lingekuwa jina zuri, dogo angelivaa kama jezi. Sato wangepona na yeye angeshiba. Ingekuwa hasara ya nusu kilo ya samaki, basi.

Na jambo jingine linaloniudhi ni hilo jina kushuka kutoka mawe. Matani ya pale juu yanaeleweka na waliopo pale juu, wanaojua kwamba jana wewe ndiye uliyenasa kandambili ukashangilia. Ukimpelekea mtu wa kantini jina bila hadithi yake, umempelekea tusi. Mimi mwenyewe nina jina kule mawe, na hamtalisoma hapa.

Nimemwambia bwana wa rula haya yote uso kwa uso, asije akasema nimemsema pembeni. Akanijibu kwamba mimi sijawahi kuvua samaki wa kugawa ndiyo maana ni mkarimu wa samaki wa wenzangu. Nikacheka, ni kweli kanipata. Lakini baadaye akaniuliza dogo anakaa bweni gani. Sijui kama ameshaenda.

Jumamosi tupo mawe kuanzia saa tisa, jua likipungua. Rula ije, nimeikubali kwa sharti moja: anayeipima sato ya mwenzake aje na samaki wa kumfidia, au aje na unga. Nimeshapata sufuria na chumvi. Anayekaa jirani na dogo naomba amfikishie ujumbe kwamba kuna sehemu pale kona ya jiwe kubwa, pale alipokuwa anakaa, hakuna mtu aliyeweza kupata kitu tangu aondoke. Huo nao ni ukweli, siyo wa mdomoni.

Ngoja niwahi kipindi, lekchara huyu hafungui mlango mara mbili.