NGOMA ISIYO NA MANENO NAYO YASEMA

Kwa muda mrefu wengi wetu tuliokabidhiwa dhamana ya uongozi tumekuwa na desturi ya kuupima muziki kwa maneno yake. Wimbo ukisifu maendeleo, husemwa kuwa ni wimbo mzuri; ukitaja rushwa na uonevu, huitishiwa kikao. Ama muziki usio na mwimbaji, huo huachwa upite kama kwamba hauna la kusema. Leo tunapenda kueleza kwa nini sisi wa milima ya Mbinga na mwambao wa Ziwa Nyasa ndio hasa tusiopaswa kuwa na dhana hiyo.

Wako vijana wetu ambao siku hizi husikiliza, katika simu zao, aina ya muziki wa hip-hop usiokuwa na mwimbaji. Mtunzi wake hana gitaa wala kinanda. Chombo chake ni mashine mbili za kuchezea santuri, na katikati yake kifaa kidogo cha kupandisha sauti ya moja na kushusha ya nyingine. Huichukua santuri iliyorekodiwa na mtu mwingine, akairudisha nyuma kwa vidole, akaikwaruza, akakirudia kipande kimoja cha ngoma mara nyingi, kisha akapachika juu yake sauti ya hotuba au ya taarifa ya habari. Ufundi huo ulichipuka Bronx, katika jiji la New York, mwaka 1973, kwa mikono ya kijana mzaliwa wa Jamaika, Clive Campbell, anayejulikana zaidi kwa jina la Kool Herc. Ilikuwa ni sehemu ya watu maskini, wengi wao Weusi na wenye asili ya Puerto Rico, ambao serikali ya jiji lile ilikuwa imewapa kisogo.

Haukupita muda mrefu kabla ya ufundi huo kuingia katika siasa. Mwaka 1983 mpiga ngoma Keith LeBlanc alitoa santuri iitwayo No Sell Out. Ndani yake hakuna anayeimba. Imo sauti ya Malcolm X, iliyokatwa kutoka katika hotuba zake na kupangwa juu ya mapigo ya ngoma, kwa ridhaa ya mjane wake, Betty Shabazz. Huyu ndiye Malcolm X aliyefika Dar es Salaam mwezi Oktoba 1964 akaonana na Mwalimu Nyerere, na ambaye aliuawa kwa risasi tarehe 21 Februari 1965. Miaka 18 baada ya kifo chake, santuri ikamsimamisha tena mbele ya vijana waliokuwa hawajazaliwa siku alipouawa. Na mwaka 2005, wakati majeshi ya Marekani yakiwa yamekwisha kuivamia Irak tangu Machi 2003, mcheza santuri Rob Swift wa New York alitoa albamu aliyoiita War Games, yaani Michezo ya Vita. Aliyekuwa na masikio hakuhitaji kuelezwa ni michezo ya nani, na ni vita gani.

Msomaji anaweza kuuliza: mambo hayo ya New York yanamhusu nini mkulima wa kahawa anayechimba ngoro Mbinga, au mvuvi wa Mbamba Bay? Jawabu letu ni kwamba babu zake waliifanya kazi hiyo hiyo mapema zaidi, bila ya umeme wala santuri. Waliifanya katika mganda.

Tarehe 13 Agosti 1914, meli ya Kiingereza Gwendolen ilifika Liuli, mahali ambapo Wajerumani walipaita Sphinxhafen, ikaishambulia kwa mizinga meli ya Kijerumani Hermann von Wissmann iliyokuwa imepandishwa nchi kavu kwa matengenezo. Nahodha wa Kijerumani alikuwa hajapata hata habari kwamba vita vimeanza. Hivyo ndivyo vita vya mabeberu wa Ulaya vilivyotua katika ufuko wetu, na miaka minne iliyofuata Waafrika kwa maelfu walichukuliwa kuwa askari na wapagazi katika ugomvi usiokuwa wao. Waliorudi walirudi na vitu viwili: makovu, na sauti ya gwaride, yaani ngoma kubwa ya jeshi, tarumbeta, filimbi, na amri za maofisa.

Sauti hiyo ndiyo iliyogeuzwa kuwa mganda katika pande zote mbili za Ziwa, ambapo ng'ambo ya Malawi huitwa malipenga. Wanaume hujipanga safu kama askari, wamevaa nadhifu, wakienda kwa hatua zilizopimwa, na vyeo vyao vimeigwa kutoka katika kambi. Mahali pa tarumbeta ya shaba pamekaa kibuyu. Hutobolewa tundu, tundu likazibwa kwa utando mwembamba, na mpigaji anapoimba ndani yake sauti hutoka ikivuma kama shaba. Maneno, kama yapo, hubaki ndani ya kibuyu. Nje husikika mlio tu, na mwenyeji huuelewa.

Wako waliodhani kuwa huo ulikuwa ni uigaji wa watumwa waliompenda bwana wao. Wakoloni wenyewe hawakuwa na hakika hiyo. Mwaka 1935 wafanyakazi wa migodi ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia, walipogoma, tume ya uchunguzi iliyoundwa na serikali ya kikoloni iliona lazima kuihoji na ngoma ya Mbeni, ambayo ni ndugu wa mganda, kwa kuwa vyama vya ngoma hiyo vilikuwa vimekwisha kuwafunza watu kujipanga, kuchagua viongozi wao na kupelekeana habari. Mkoloni alisikia mapigo ya gwaride lake mwenyewe yakitoka mikononi mwa wavujajasho, na usingizi ukampaa.

Hapo ndipo mganda na santuri ya New York vinapokutana. Katika vyote viwili, mnyonge huichukua sauti ya mwenye nguvu, akaikata, akaipanga upya kwa mkono wake, na mwenye nguvu akaisikia ikirudi kwake ikiwa na maana nyingine. Hakuna tusi lililotamkwa, wala mstari wa kupelekwa mahakamani. Sisi tuliopitia chuoni kabla ya shule tulianza kwa kusikiliza na kukariri sauti ambayo maana yake tulikuja kufunzwa baadaye, na hakuna aliyetuambia kwamba sauti hiyo ilikuwa tupu kwa sababu masikio yetu yalikuwa bado machanga. Msikilizaji asiyeelewa bado anapaswa kwanza kujitilia shaka yeye mwenyewe.

Hatuna budi hapa kujikosoa sisi wenyewe wa Chama. Tarehe 10 Desemba 1962, Mwalimu alipolihutubia Bunge kwa mara ya kwanza akiwa Rais, alitangaza kuundwa kwa Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana, akisikitika kwamba tulikuwa tumefunzwa kuzionea haya ngoma zetu. Tangu hapo tumezitumia sana ngoma, lakini je, tumezisikiliza? Mganda tumeupanga kando ya barabara kumpokea mgeni. Kioda cha akina mama tumekipa dakika tano kabla ya hotuba ya saa mbili. Wachezaji wakamaliza, wakapewa soda, wakaondoka. Na sisi tukaandika katika taarifa kwamba wananchi walifurahi. Ngoma iliyozaliwa kwa kumtazama ofisa kwa jicho kali tumeifanya pambo la ofisa.

Na kwa upande wa maneno tumekuwa wakali kupita kiasi. Mwishoni mwa Machi 2017 msanii Nay wa Mitego alikamatwa na wimbo wake Wapo ukapigwa marufuku. Haikupita hata wiki, Rais Magufuli mwenyewe akaagiza aachiwe na wimbo upigwe. Tukio lile lilituonyesha kwamba waliofungia hawakuwa wamemwuliza mtu yeyote kama yaliyosemwa yalikuwa ya kweli. Mkono unaokimbilia kufungia maneno huwafunza watu kuyaweka ndani ya kibuyu, na hapo kiongozi hubaki akipigiwa makofi asijue yanayosemwa.

Hatusemi kwamba kila anayekata sauti anatetea umma. Kisu kinachokata hotuba ili kufichua ukweli kinaweza pia kuikata ili kuuzika. Sauti ya Mwalimu leo husikika katika nyimbo, katika simu na katika kampeni za vyama mbalimbali, mara nyingi sentensi moja ikiwa imetengwa na wenzake. Zaidi ya hayo, siku hizi kompyuta inaweza kuigiza sauti ya mtu ikasema ambayo hakuyasema maisha yake yote. Kinga ya hila hiyo ni kuihifadhi sauti ya asili ikiwa nzima, na mwananchi kuweza kuifikia akalinganisha. Marufuku haiwezi kufanya kazi hiyo.

Kwa hiyo tunashauri mambo matatu. La kwanza, halmashauri za Mbinga na Nyasa ziwatume maofisa utamaduni wao, pamoja na vijana wenye simu na vinasa sauti, waende Liuli, Mbamba Bay, Lituhi na vijiji vya milimani, warekodi mganda na kioda kutoka kwa wazee ambao bado wanajua kila mlio unasema nini. Maelezo yao yaandikwe pamoja na sauti, kwa sababu mlio bila maelezo utakuwa fumbo kwa wajukuu. La pili, hazina ya kanda za iliyokuwa Redio Tanzania Dar es Salaam, ambayo leo iko chini ya Shirika la Utangazaji Tanzania, ifunguliwe kwa vijana watunzi kwa utaratibu unaoeleweka na wenye kuheshimu haki za waliorekodiwa. Kijana wa Bronx alikuta santuri kabatini mwa wazazi wake; kijana wa Mbinga naye apewe kabati lake.

La tatu linatuhusu sisi viongozi. Siku mganda utakapopangwa tena kando ya barabara kutupokea, tushuke garini, tukae, tusikilize mpaka mwisho, kisha tumwulize mzee wa ngoma: hapo mmesema nini? Tuwe tayari kulisikia jibu hata likiwa chungu.