Basiketi nzuri, lakini mguu je?

Mara hii siandiki juu ya kuchelewa kwenye mustari. Nataka kusema juu ya basiketi, zile fupi zisizofunika kifundo cha mguu, zenye soli nyeupe, ambazo kila kijana hapa anazitafuta kama dawa.

Naanza na kosa langu mwenyewe. Mwaka jana niliona All Star fupi, nyeusi, sokoni, katika vitu vya balo. Mimi navaa 43, zile zilikuwa 41. Muuzaji aliniambia kwamba kitambaa kitapanuka. Nilijua anasema bule, lakini zilikuwa nzuri, nikalipa. Siku tatu nilitembea kama mutu mwenye kukanyaga makaa. Na wenzangu walinisifu! Hakuna aliyeona vidole.

Kiisha nilifanya jambo baya zaidi. Mutoto mumoja wa darasa la chini alikuja kwenye mustari na kambambili. Sharti ni viatu vya kufungwa, basi niliandika jina lake, akafyeka majani mpaka mangaribi. Usiku, wakati wa kulala, niliona visigino vyake: ngozi imetoka, shoseti imeshikana na kidonda. Wiki nzima alivaa basiketi za mutu mwingine, ndogo kwake, kusudi wenzake wasimucheke. Na mimi, niliyekuwa naficha vidole vyangu, ndimi niliyemupa azabu.

Tusiseme vibaya kiatu chenyewe. Converse ya Marekani ilianza kutengeneza All Star mwaka 1917, na ikawa ya muchezo wa basiketi. Ile fupi ilifuata mwaka 1957. Ni kitambaa kigumu na mpira, soli bapa kama ubao. Kwenye sakafu ya mbao inafaa. Lakini wachezaji wakubwa wenyewe waliiacha zamani, wakachukua viatu vyenye soli nene. Na sisi tunataka itubebe kilometa sita za mawe na potopoto! Hata hivyo ni nyepesi, inapitisha hewa, unaifua siku ya posho na jua likiwaka unaivaa kesho yake. Mwenye kupata namba yake, akaweka kanyagio laini ndani, atatembea vizuri. Ubaya hauko katika ufupi wake, uko katika namba ya uongo.

Wengine watasema nakataa kuvaa vizuri. Hapana, Kongo ni inchi ya Papa Wemba, aliyefariki mwaka 2016, nani hapa hapendi sape? Lakini sapeur anatembea pole pole kusudi aonekane. Anayetembea pole pole juu ya kidonda, huyo ni mugonjwa.

Basi naomba Bwana Perefe na baraza la nidhamu: mwanafunzi mwenye kidonda cha mguu aruhusiwe kambambili mpaka apone, bila kuandikwa. Na ninyi wa darasa la sita, wenzangu, tuache kucheka miguu ya watoto, sababu ni sisi wanaotuangalia.

Jina la yule mutoto nimelifuta katika daftari, na nilimuomba musamaha. Zile 41 ziko chini ya kitanda changu. Mwenye namba hiyo aje azipime, na shoseti, tena mangaribi, wakati mguu umevimba kidogo.